Jibu: Mbegu ileile, mavuno tofauti

Ndugu, umeuliza kwa nini mbegu ya mahindi iliyokupa mavuno makubwa msimu uliopita imekuangusha safari hii. Angalia kwanza ukame uliingia lini, si jumla ya mvua tu. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele (maua ya kiume ya juu), nywele za gunzi huchelewa kuchomoza. Chavua inamwagika bure na gunzi linabaki na mapengo. Aina ya muda mfupi, yaani inayokomaa mapema, huenda ilishavuka hatua hiyo kabla ya ukame.

Mwaka 1963 watafiti Finlay na Wilkinson, kwa majaribio ya shayiri Australia, walilinganisha mavuno ya kila aina na wastani wa aina zote katika kila mazingira. Aina inayopaa sana mwaka mzuri mara nyingi huporomoka mwaka mbaya (ndiyo hiyo yako, nadhani). Mimi ningechanganya aina mbili zinazochanua nyakati tofauti.