Muziki usio na maneno, cherehani, na shosho wa Gikomba

Ndugu uliyeuliza kama kweli kuna mtu anayesikia kitu kwenye huu muziki usio na ngoma wala maneno, au tunajifanya tu: mimi nasikia, ila mwanzoni nilisinzia kama wewe. Na kusinzia si kosa. Mwaka 2015 mtunzi Max Richter alitoa kazi ya zaidi ya saa nane, akaiita Sleep, yaani usingizi, kusudi watu walale nayo.

Mimi ni fundi wa nguo soko la Gikomba, Nairobi, napunguza suruali za mitumba. Nyimbo za maneno zilinishinda kazini. Mteja anasema kata inchi mbili, mwimbaji naye ananieleza alivyoachwa, mimi huyo nakata tatu. Nimeshalipa suruali za watu. Kijana wa kibanda cha jirani akanirushia kwa simu kipande cha Arvo Pärt, Mwestonia, kiitwacho Spiegel im Spiegel, cha mwaka 1978. Piano na fidla basi, dakika kama kumi. Siku ya kwanza nikasema huu ni wa matanga.

Wiki ya pili ndipo nikashika kinachoendelea. Fidla inapanda au kushuka noti moja moja, taratibu, kisha inatua kwenye noti ileile kama mtu aliyefika kwake. Ikitoka tena, inaongeza hatua moja. Chini yake piano inarudiarudia vifungu vya noti tatutatu, kama kengele ya mbali. Fundi yeyote ataelewa: uzi wa juu unatembea, wa bobini unaudaka kutoka chini, na mshono ni pale wanaposhikana. Ukivuta mmoja sana, nguo inajikunja. Pale hakuna anayemvuta mwenzake.

Ukiniuliza nahisi nini, sitakudanganya kwamba nalia. Mabega yanashuka. Mguu kwenye pedeli unapoa pia, ndiyo maana Januari, msimu wa sare za shule, muziki huu siuweki kabisa.

Halafu kuna ya spika za masikioni. Zangu, nilizonunua barabara ya Luthuli, zilikufa upande wa kushoto, na kwa miezi miwili nikasikiliza Music for Airports ya Brian Eno, mwanamuziki Mwingereza, kwa sikio moja. Sikujua. Nilidhani ukimya ule ni sehemu ya muziki, na sikio la kushoto likawa linajaza lenyewe: mikokoteni, "beba beba mia", mvua kwenye mabati. Niliponunua nyingine nikasikia sauti ambazo sikuwa nimekutana nazo, na nikiri, nilikasirika kidogo. Ile nusu nilikuwa nimeizoea.

Baadaye nikasoma kwamba Eno mwenyewe alianzia hapohapo. Mwaka 1975 alikuwa kitandani baada ya kugongwa na gari, rafiki akamletea santuri ya kinubi. Akaiweka kwa shida, akarudi kulala, ndipo akagundua sauti iko chini mno na upande mmoja haufanyi kazi. Hakuwa na nguvu ya kuinuka tena, basi akasikiliza hivyohivyo, kinubi na mvua pamoja. Kwa hiyo usidhani lazima ujifungie chumbani kimya ndipo usikie vizuri.

Ambaye simwezi jioni ni KMRU, yaani Joseph Kamaru, kijana aliyezaliwa hapahapa Nairobi. Albamu yake Peel ya 2020 ina sauti zilizorekodiwa mitaani na mahali pengine, kisha zikavutwa na kufunikwa hadi huzitambui. Mara mbili nimevua spika nikaangalia mlangoni, nikidhani kuna mtu. Naisikiliza mchana tu.

Mchana mmoja shosho mmoja alikuwa anangoja sketi yake, akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia ni Kamaru. Uso ukamwangaza! Akataka asikie. Nikampa upande mmoja, akautega sikioni kwa kidole, akangoja. Dakika nzima.

"Mbona haanzi kuimba?"

"Shosho, huyu ni mjukuu. Ana jina moja na babu yake, yule mwimbaji wa Kikuyu. Huyu haimbi."

Akatikisa kichwa, nami nikanyoosha mkono nichukue spika yangu. Hakunipa. Akasikiliza mpaka nikamaliza pindo, nikapiga pasi, nikakunja.

"Ni kama posho mili ukiwa ng'ambo ya mto," akasema. "Unajua unga uko njiani."

Akalipa, akaenda zake.