Muulize Shangazi: Nilipe pauni 35 nikatafute mizuka?

Shangazi shikamoo. Mimi ni keya kwenye nyumba ya wazee hapa Leicester, Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Mwenzangu wa shifti ya usiku yuko kwenye kikundi cha kutafuta mizuka, wanakodi jela ya zamani wanakesha humo na vimashine vyao mpaka saa tisa usiku, tiketi pauni 35 na hela inaenda hospisi, kule wanakotunzwa wagonjwa wasio na tiba tena. Kanialika nikaona aibu kukataa maana hospisi yenyewe ndo ilomtunza bibi mmoja tuliyekuwa nae hapa mpaka mwisho wake. Mume wangu kaja juu, anasema nakwenda kujizolea majini nimletee nyumbani, na mama kule Tanga akisikia ndo basi tena. Hivi hii ni dini yao au mchezo? Na hizo hela zinafika kweli?
Mama Zuhura, Leicester

Marahaba mwanangu. Mwambie baba Zuhura ashushe pumzi kwanza. Jini hajawahi kuwa mtu, ni kiumbe kivyake, na kwetu mtu akipandwa na pepo tunafukiza ubani na tunamlipa mganga ili atoke. Mzuka wa Mzungu ni marehemu aliyegoma kuondoka, askari jela sijui, mke aloachwa, na wao wanalipa ili aje! Mi hapo huwa nacheka sana.

Sio dini. Wasomi walianzisha chama chao cha kuchunguza mambo haya kule London mwaka 1882, Society for Psychical Research, na kipo mpaka leo. Hivi vikundi vya mtaani vingi ni watu wa kawaida tu, fundi bomba, mwalimu, keya kama wewe.

Niliwahi kwenda mara moja, kiwanda cha zamani, baridi ile ya kuingia kwenye mifupa. Tukapewa kimashine cha kupima sumaku ya umeme, kama rimoti ya tivii hivi, kina vitaa vitano kutoka kijani mpaka nyekundu. Saa saba usiku vyote vikawaka kwa mpigo, tukashikana mikono, dada mmoja akaanza kulia, kumbe mzee pembeni yetu hakuzima simu na meseji inaingia kwenye koti lake. Baada ya hapo tukawekeana vidole juu ya gilasi nayo ikatembea mezani. Ila hilo mwanasayansi Michael Faraday alishalimaliza mwaka 1853 kwa meza zilizokuwa zinazunguka zenyewe, akaonyesha ni mikono ya watu inasukuma wenyewe hawajijui.

Na kuna kisa cha hapo hapo jirani yenu, upande wa Coventry, ambacho nakipenda. Injinia mmoja, Vic Tandy, alikuwa kazini kwenye jengo linalotengeneza vifaa vya hospitali, watu wanasema lina mzuka. Usiku mmoja yuko peke yake jasho baridi linamtoka, akaona kitu cha kijivu pembeni ya jicho, akigeuka hakipo. Kesho yake kaleta upanga wake wa michezo kuutengeneza, kaubana kwenye jiliwa, mara ncha inatetemeka yenyewe bila mtu kuigusa! Mwingine angekimbia, yeye akapima. Ilikuwa feni mpya ya kutolea hewa, inatoa mngurumo wa karibu hezi 19, yaani mitetemo 19 kwa sekunde, chini kidogo ya masikio yetu yanapoanzia, huusikii ila mwili unaupata. Wakaitengeneza feni na ile hofu ikaondoka. Aliandika kisa hiki mwaka 1998. Kikundi kinachoanza kwa kukagua feni, mabomba na gesi hicho nenda nacho, kinachoanza na makelele kaa mbali.

Sasa hela, na hapa ndo uwe mpelelezi kweli. Hospisi za huko hazimtozi mgonjwa, ni kazi aliyoianza Cicely Saunders alipofungua St Christopher's kule London mwaka 1967, na za watu wazima serikali inazipa kama theluthi tu ya mahitaji, zilobaki wanatafuta wenyewe kwa maduka ya mitumba, mbio, keki, na mizuka pia. Kwa hiyo shida ipo kweli. Ila soma tangazo vizuri, limeandikwa "mapato yote" au "faida"? Watu 20 kwa pauni 35 ni pauni 700, sema ukumbi umekula 400 na bima ikachukua yake, faida inayobaki ni kitu kingine kabisa. Chukua namba ya usajili ya hiyo hospisi uiangalie kwenye rejista ya Charity Commission, wasimamizi wa mashirika ya hisani, ni bure, halafu piga simu hospisi uulize kama wanawajua hao watu. Kikundi safi hakinuni ukiuliza.

Na kitu wengi hawajui, tiketi haina Gift Aid, ile nyongeza ya serikali kwenye mchango wa mlipa kodi, kwa sababu umenunua burudani. Ukichanga hizo 35 moja kwa moja na unalipa kodi, jaza fomu, hospisi inapata 43.75, serikali inaongeza. Mwambie mwenzio "mi giza siliwezi ila mchango wangu huu hapa", na mama wa Tanga hutakuwa na la kumficha.

Mambo Shangazi! Sisi vijana wa Watamu tumewaona hao Wazungu, tunataka tukeshe magofu ya Gede tuchangie mwenzetu anayesafishwa figo. Vipi?
Kijana wa Watamu

Poa mwanangu, ila Gede hapana. Pako chini ya Makumbusho ya Taifa, tangu 2024 ni urithi wa dunia, na kuna makaburi ya watu, wazee wa hapo wanasema pana wenyewe. Halafu hofu ya usiku kwetu haichezewi, we ulizia Unguja na Pemba mwaka 1995 wakati wa yule pepo Popobawa, watu walilala nje familia nzima nzima na wengine wakapigwa kwa kudhaniwa tu. Fanyeni jioni ya ngano ufukweni, bibi zenu wasimulie za majini, kiingilio shilingi 200, hela ishikwe na watu watatu na meseji za M-Pesa ziwekwe kwenye grupu kila anayechanga azione. Na mwenzenu muulizeni yeye kwanza kabla hamjabandika picha yake kwenye bango.