Imani na Chandarua: Kwa Wanaojiandaa Kwenda Ziwani

Wadogo zangu,

Padri ameniambia wako vijana wetu wanaojiandaa kwenda Malawi kwa kazi ya Injili, akanitaka nikae nao baada ya misa niwape mawili matatu. Nitakaa nao. Lakini maneno ya mdomo mtu huyasahau kabla boti haijapita Chumbe, kwa hiyo nayaandika pia.

Mimi nimekwenda mara mbili. Safari ya kwanza ilikuwa ya miezi mitatu, kuwafundisha akina mama kushona na kusaidia skuli ya Jumapili katika parokia moja ya pwani ya ziwa. Ya pili ilikuwa miezi sita. Ile ya kwanza nusura nisirudi, na sababu yake nataka muijue kabla ya jambo jingine lolote.

Siku ya kufunga mizigo mama alinipa chandarua. Kilikuwa kipya, kimo bado kwenye mfuko wake. Mkoba ukawa haufungi, nikakitoa, mahala pake nikatia vipande vya kitambaa vya kufundishia na kitabu cha nyimbo. Mama akanitazama. Nikamwambia, "Mama, anayenituma ndiye atakayenilinda." Hakujibu, akakirudisha kabatini. Nilisema vile kwa moyo safi kabisa. Nilidhani hiyo ndiyo imani.

Sisi wa Unguja na Pemba tuna hatari yetu peke yetu katika jambo hili. Malaria kwetu imepungua sana. Kwa miaka mingi sasa, watu wakipimwa, wanaokutwa na vimelea hawafiki mmoja katika kila mia. Wako vijana wa miaka 20 ambao hawajaugua hata mara moja. Tumshukuru Mungu kwa hilo, lakini jueni maana yake: mwili wenu haujawahi kupigana na ugonjwa huu. Mtu aliyekulia ufukweni mwa ziwa ameugua na kupona tangu mdogo, akiumwa na mbu yule yule aliyekuuma wewe huenda asisikie hata kichwa. Wewe utalala.

Mimi baridi ilinishika wiki ya tatu, saa nane mchana, jua linawaka. Nilikuwa namkatia mama mmoja shingo ya gauni. Mkono ukaanza kutetemeka, mkasi ukapita pembeni na kitambaa chake kikaharibika. Nikasema ni uchovu. Siku mbili nikawa naomba na kumeza panadoli. Siku ya tatu sikuweza kusimama. Mwenyeji wangu, mama wa makamo ambaye mpaka siku ile tulikuwa tukielewana kwa ishara zaidi kuliko kwa maneno, alinishika kwapani mpaka barabarani akaita kabaza, ndivyo wanavyoziita kule baiskeli za abiria. Akaivua chitenje yake ya juu, ile nguo ya kujifunga kama kanga yetu, akanifunga nayo kiunoni mwa mwendesha baiskeli ili nisianguke, na yeye akafuata nyuma kwa miguu. Zahanati wakanitoboa kidole, kipimo kikatoa mistari miwili, nikapewa dawa ya mseto ya siku tatu. Nilipofumbua macho vizuri, mama yule alikuwa amekaa kitako sakafuni pembeni ya kitanda, ananipepea kwa kipande cha boksi.

Nililala pale nikamkumbuka Bwana wetu alipopandishwa juu ya kinara cha hekalu, akaambiwa ajitupe kwa kuwa malaika watamdaka. Yeye alikataa. Mimi nilijitupa, na waliotumwa kunidaka walikuwa mama maskini na kijana wa baiskeli, ambao wangeweza kuwa na shughuli nyingine siku ile.

Kwa hiyo: lala ndani ya chandarua chenye dawa kuanzia usiku wa kwanza, hata gesti, hata kama wenyeji wenyewe hawatumii. Kabla ya kuondoka nenda hospitali uulize dawa ya kinga, usiulize njiani. Homa ikikuanza, siku hiyo hiyo kapime. Na ukirudi nyumbani ukapata homa, hata wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari umetoka wapi, maana malaria nyingi inayoonekana visiwani siku hizi huletwa na wasafiri kama sisi, na hapa inafuatiliwa mpaka nyumba kwa nyumba.

Haya si mambo ya leo. Misheni iliyotuletea kanisa letu la Kianglikana la Mkunazini haikuanzia Unguja. Ilianzia huko huko mnakokwenda. Askofu Charles Mackenzie alifika nyanda za Shire mwaka 1861 na wenzake. Walipokuwa wakishuka mto, mtumbwi ulipinduka na dawa zao zikapotelea majini. Askofu alikufa kwa homa tarehe 31 Januari 1862, pale mto Ruo unapoingia Shire. Aliyemfuata, Askofu Tozer, akaona mahali pale hapakaliki, akaihamishia misheni Unguja mwaka 1864. Jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa Krismasi ya 1873, juu ya soko la watumwa lililokuwa limefungwa mwaka ule ule. Kila ninapopiga magoti mle nakumbuka kwamba tuna kanisa pale kwa sababu, kati ya mambo mengine, dawa zilizama mtoni. Imani wale walikuwa nayo kutuzidi sisi. Gawa dawa zako katika mikoba miwili.

Pesa sitazisema sana. Zifiche mahali pawili au patatu, na mpakani usibadilishe kwacha kwa vijana wanaokimbilia basi na mabunda mkononi. Mmoja alinihesabia noti mbele ya macho yangu, na nilipofika Karonga zilikuwa pungufu. Ingieni benki, au duka la kubadilishia fedha.

La kungoja ndilo gumu kuliko pesa. Kutoka kwetu utavuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, utapanda basi mpaka Mbeya, uvuke mpaka wa nchi pale Songwe, kisha Karonga, Mzuzu, na kushuka Nkhata Bay. Ukiwa unakwenda visiwani Likoma, hapo ndipo unapoanza kungoja chombo. Mimi nilingoja siku nne. Kila asubuhi nilikwenda gatini na mkoba wangu, kila jioni nikarudi nao. Siku ya pili nilimlalamikia Mungu kwa sauti, nikamwambia nimeacha kazi na mama mgonjwa kwa ajili yako, mbona hata meli huniletei? Siku ya tatu mvuvi mmoja mzee akanionyesha mawimbi ya nje akasema neno moja: mwera. Ndiyo upepo wao wa kusini, ndugu wa kusi letu, nao ukivuma ziwa lile huwa bahari. Chauncy Maples, askofu wa Likoma, alizama humo mwaka 1895 chombo chake kilipopinduka kwa dhoruba. Baada ya hapo sikulalamika tena. Siku zile mbili zilizobaki nilikaa na wanawake wanaoanika usipa, dagaa wao wale, nikajifunza Kichewa kuliko nilivyojifunza mwezi mzima baadaye. Mtoto wa pwani akiambiwa na mwenye maji yake kwamba leo hapasafiriki, asikilize. Anayekwambia huenda ndiye jibu la sala uliyoomba asubuhi.

Lugha msiiogope. Ukifika mlangoni kwa mtu utasema "Odi!" naye atakujibu "Odini!", na hapo tu utajiona uko nyumbani. Lakini usibweteke kwa sababu hiyo ukadhani Kiswahili kitakutosha. Jifunze salamu kamili, na mwanamke mtu mzima muite amayi. Wengine hupiga goti kidogo wakisalimia. Nawe fanya hivyo hivyo. Na ziwa, sisi twaliita Nyasa, wao ni Ziwa Malawi. Ukiwa kwao liite kama wao. Hukwenda kule kugombania maji.

Jambo moja zaidi, na hili ni zito kwangu. Ukifika Nkhotakota na ukajitambulisha kuwa umetoka Zanzibar, wako wazee watakaokutazama kwa namna fulani. Usishangae. Karne ya 19 watu wa pwani wenye mamlaka pale, waliojulikana kwa jina la Jumbe, walikuwa wakivusha watumwa ziwani, na njia yao iliishia sokoni kwetu. Baadhi yetu tunaosali Mkunazini tumezaliwa na waliopitishwa njia hiyo. Cecil Majaliwa aliletwa Unguja akiwa mtoto mtumwa, akasoma Kiungani, skuli ya misheni, na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni, akarudi bara kuwahudumia watu wa kwao. Kwa hiyo usiende kama mtu anayepeleka nuru gizani. Nenda kama mtu anayerudi kwa ndugu, ukae chini ya padri wao, ufanye kazi watakayokupa. Mimi nilitaka kuhubiri. Wao walitaka mtu wa kurekebisha cherehani tatu zilizokufa. Nilizirekebisha mbili.

Na huko pia mtakutana na Waislamu wengi, Wayao hasa. Hapo nyinyi mna elimu ambayo wamisionari wengi hawana, kwa kuwa mmelelewa ukuta kwa ukuta na Waislamu, mnajua namna ya kukaa na jirani mwezi wa Ramadhani, mnajua kwamba maiti ikitoka mtaani kila mtu husimama. Msiiache elimu hiyo forodhani. Asubuhi niliyoondoka safari ya pili, bibi jirani yetu, hajja, aliniletea halua ya Wete katika kikapu kidogo cha ukili, akanishika kichwa akanisomea dua ndefu ya msafiri, mimi nimeinamisha kichwa na rozari mkononi. Niliikata ile halua vipande vidogo vidogo, wakaionja wanawake wote wa darasa la kushona, wakaniuliza aliyeitoa ni ndugu yangu wa damu. Nikawajibu ndiyo.

Chandarua cha mama nilikichukua safari ile ya pili. Kina viraka viwili upande wa miguu, nimevishona mwenyewe, na nimekitia dawa upya. Anayetangulia kuondoka kati yenu aje akichukue.