Usipange mistari ya gama kwa macho

Wewe unayeanza utafiti wa viini vya atomu vinavyozunguka kasi, nunua kwanza daftari la hesabu na penseli. Nadharia itakungoja. Mimi nilianza na nadharia, nikawa fundi wa kujaza ubao milinganyo, lakini spekta moja, yaani grafu ya miale ya gama ambapo kila nishati ina mstari wake, ilinishinda kusoma.

Hapa Nairobi kazi yetu kubwa ni kusoma. Data huja kwenye diski kutoka mahali kama iThemba LABS, karibu na Cape Town, penye mtambo wa vigunduzi uitwao AFRODITE. Huko ioni nzito imegonga shabaha, viini viwili vikaungana, nyutroni kadhaa zikachomoka, na kilichobaki kinazunguka kama pia. Kinapoa kwa kutoa miale ya gama mmoja baada ya mwingine, na katika ngazi ya kawaida ya nishati kila mwale huondoka na vipimo viwili vya spini, yaani wingi wa mzunguko.

Zoezi langu la kwanza lilikuwa kiini cha elementi ya ebiamu, ebiamu-158. Niliweka geti kwenye mstari wa 192 keV (kipimo cha nishati), yaani nikabakiza tu miale iliyotoka pamoja na huo, ikatokea 335, 443, 473, 510, 523, 579 na 608. Nikaipanga mdogo chini, mkubwa juu. Si kinachozunguka kasi zaidi hutoa nishati kubwa zaidi? Mwalimu akaitazama karatasi, akaniuliza, "Huu wa 473 una nguvu kuliko wa 523?" Sikuwa nimepima. Kupima, nikakuta wa 473 ni hafifu kabisa, yaani miale yake ni michache.

Mstari hafifu kwa kawaida uko juu ya ngazi. Viini vingine huingilia njiani vikitokea pembeni, kwa hiyo mistari ya chini ndiyo hubeba wengi, kama matatu ya Rongai inayookota abiria kila steji mpaka inafika mjini imejaa. Mpangilio wa kweli ni 192, 335, 443, 523, 579, 608, halafu unashuka: 510, 473, ndipo unapanda tena.

Huo mshuko ndio utamu wote wa kazi hii. Johnson, Ryde na Sztarkier waliuona mwaka 1971 kule Stockholm, katika elementi nyingine, disprosiamu. Mwaka uliofuata Stephens na Simon wakaeleza sababu. Nyutroni mbili zilizoshikana jozi huvunjwa na nguvu ya Coriolis, ile inayotokana na mzunguko wenyewe, zikageuza spini zao kufuata mhimili wa mzunguko. Kiini kinapata spini bila kuzunguka kasi zaidi, ndiyo maana nishati ya mwale inashuka. Ukitaka kuhisi jambo hili mkononi, pitia kwa muuza mayai pasua, chukua yai lililochemshwa, ulizungushe mezani kando ya yai bichi. Bichi linasuasua kwa kuwa ute haulifuati ganda. Kiini cha atomu chenye spini ndogo kina tabia kidogo ya lile bichi: momenti yake ya inesha, yaani ukaidi wake wa kuzungushwa, ni pungufu kuliko ya kitu kigumu chenye umbo hilohilo. Jozi zikivunjika, inaongezeka.

Mengine ni ya kawaida. Pima upya vigunduzi kwa yuropiamu-152, chanzo chenye mistari inayojulikana, kabla ya kuamini namba yoyote. Mstari wa 511 ukiuona usichangamke, ni wa positroni zinazoangamia pamoja na elektroni. Na hifadhi faili kila baada ya dakika chache, stima za mtaani kwenu unazijua.

Karatasi yangu ya kwanza bado ninayo. 473 imekaa kati ya 443 na 510, kwa wino, kwa hiyo haikufutika.