Maswali ya Wasomaji: Trela Ifunguliwe au Ibaki Kwenye Gari Tunapolala Njiani?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Kampemba, hapa Lubumbashi. Familia yetu imenunua trela ya kulala iliyotumika, ya ekseli moja, iliyotoka Afrika Kusini, na tunakusudia kuivuta wakati wa likizo kubwa hadi Livingstone, Zambia, ili watoto wayaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Hatutaki kuendesha usiku, kwa hiyo tutalala njiani mara mbili au tatu, kila mahali usiku mmoja tu: tutafika magharibi, tutapika, tutalala, na kukipambazuka tutaondoka. Mume wangu anasema ni hatari kulala ndani ya trela iliyofungwa kwenye gari, na kwamba lazima itenganishwe isimame kwa miguu yake. Kaka yake mkubwa, ambaye ameendesha malori ya njia ya Kasumbalesa kwa miaka mingi, anasema kilichofungwa vizuri asubuhi kisifunguliwe jioni bila sababu. Mimi na watoto ndio tutakaolala humo, na sipendi tuanze safari kwa mabishano. Jambo lingine: tulipojaribu kuitenganisha hapa nyumbani, kile kikombe cha chuma cha trela kiligoma kabisa kutoka kwenye tufe la gari, hata tukakigonga kwa nyundo. Je, ni kawaida?

JIBU: Mama, kwa usiku mmoja tunamuunga mkono shemeji yako, ingawa mume wako naye ana hoja moja nzito ambayo tutaifikia. Trela ikisimama mahali palipo sawa, na gari likiwa halihitajiki tena hadi asubuhi, iacheni ikiwa imefungwa.

Trela iliyofungwa kwenye gari inashikwa na breki mbili za mkono, ya kwake na ya gari, na uzito wake wa mbele umelala juu ya gari, kwa hiyo watu wanaotembea ndani hawawezi kuiyumbisha sana. Ikitenganishwa, trela ya ekseli moja inabaki juu ya magurudumu mawili na kile kigurudumu kidogo cha mbele, mfano wa mizani: watoto wakikimbilia kitanda cha nyuma kabla miguu ya nyuma haijashushwa, mbele kunanyanyuka na nyuma kunagonga chini. Hofu ya mume wako ina msingi, lakini hatari hiyo ni ya trela iliyofunguliwa kuliko iliyofungwa.

Kuna pia jambo la binadamu mwenyewe. Kazi ya kufungua na kufunga ina mambo mengi ya kusahaulika: plagi ya taa, minyororo ya usalama, waya wa breki ya dharura, kifungio cha kikombe, kigurudumu cha mbele kinachopaswa kupandishwa. Anayeifanya jioni amechoka, na anayeirudia alfajiri bado ana usingizi na anaharakishwa na watoto. Kila mnapoiepuka bila hasara, mmepunguza nafasi moja ya kusahau.

Tena mkumbuke mtakapokuwa mmelala. Upande wa Kasumbalesa malori ya shaba na kobalti hujipanga popote penye nafasi, na mlinzi wa uwanja anaweza kuwagongea dirisha saa nane za usiku akiomba msogee kidogo ili lori lipite. Aliyefunga trela atapandisha miguu, atawasha gari na kusogea. Aliyeifungua atatafuta tochi na kuanza kuinama matopeni. Mwizi wa trela naye kwa kawaida huja na gari lake la kuvutia, na trela iliyofungwa kwenye gari lenye breki na funguo humpa kazi zaidi. Hata hivyo, laleni ndani ya uwanja wenye ukuta na mlinzi, kwa sababu kufuli peke yake halitoshi kando ya barabara.

Sasa hoja ya mume wako. Trela iliyofungwa kwenye gari hufuata mwinamo wa mahali gari liliposimama, na mwinamo ni wa aina mbili zisizotibiwa kwa njia moja. Ikiwa trela imelala upande wa kulia au wa kushoto, kuifungua hakusaidii chochote: dawa ni kuendesha gurudumu moja likapanda juu ya ubao, kazi inayofanywa gari likiwa bado limeunganishwa. Ikiwa imeinuka au kuinama mbele, hapo ndipo kuifungua kunapokuwa na maana, kwa kuwa kigurudumu cha mbele kinaweza kuipandisha au kuishusha hadi pimamaji lioneshe katikati. Wekeni pimamaji dogo sakafuni, karibu na mlango, na mlitazame kabla dereva hajazima injini. Mara nyingi kusogea mita kumi mbele huwaondolea ubishi wote.

Mwinamo hauwasumbui walalao peke yao, ambao wanaweza kugeuza mito upande wa juu. Unaliumiza hasa friji la gesi, ikiwa trela yenu inalo. Friji la aina hiyo halina kompresa; moto mdogo huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia, mvuke hupanda mabombani, na majimaji hurudi chini kwa uzito wake yenyewe. Likiinama sana, majimaji hayarudi yanakotakiwa, sehemu ya moto inapata joto kupita kiasi, na uharibifu hujijenga kidogo kidogo bila kuonekana. Mafriji ya zamani yanavumilia nyuzi chache tu za mwinamo, tatu hivi. Kwa hiyo mkilala mahali palipoinama bila kuifungua trela, lizimeni friji hadi asubuhi na msilifungue mlango ovyo, ili baridi iliyomo isitoke haraka. Hilo ni rahisi kuliko kuifungua trela nzima kwa ajili ya kuku mmoja.

Mkiamua kulala ikiwa imefungwa, gari na trela visimame katika mstari mmoja ulionyooka, kwa maana trela iliyokunjwa pembeni hulazimisha kikombe na tufe kusukumana usiku kucha. Pandisheni breki zote mbili za mkono, kisha wekeni kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya trela. Shusheni kigurudumu cha mbele juu ya kipande cha ubao hadi kiguse na kubeba sehemu ya uzito, mkiacha mara tu mkiona nyuma ya gari kunaanza kupanda, kwa sababu hakikutengenezwa kuinua gari. Miguu ya nyuma nayo ishushwe iguse ardhi ili kutuliza mtikisiko. Haikutengenezwa kuinua trela, na anayeitumia kama jeki ataikunja. Kipande cha ubao chini ya kila mguu kinafaa hasa miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati udongo mwekundu wa huku kwetu hulainika kiasi cha kumeza mguu wa chuma kabla ya alfajiri.

Plagi ya umeme ichomolewe. Katika trela nyingi friji linaweza pia kutumia umeme wa volti 12 wa gari, na kwa hali hiyo hula ampea kumi au zaidi. Betri ya ampea-saa 70 haifiki alfajiri.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii hadi wafike ni mlango. Trela zilizotengenezwa kwa ajili ya Afrika Kusini huwa na mlango upande wa kushoto, kwa kuwa huko magari hupita kushoto. Zambia ni hivyo hivyo, na mtashukia kando ya barabara bila wasiwasi. Kwetu Kongo magari hupita kulia, kwa hiyo katika zile kilomita 90 hivi kati ya Lubumbashi na mpaka, mkisimama pembeni hata kwa dakika tano za kunywa chai, mlango unafunguka kuelekea malori yanayopita. Usimruhusu mtoto ashuke kwa mlango huo kabla mtu mzima hajasimama nje. Kwa kulala, ingieni uwanjani mkiwa mmeelekeza mlango upande wa ukuta, na gari liwe tayari linatazama lango la kutokea, kwa maana kurudi nyuma na trela gizani kunawasumbua hata madereva wazoefu.

Livingstone ni hadithi nyingine. Mtakaa siku kadhaa na mtahitaji gari kwenda maporomoko na sokoni, kwa hiyo hapo mume wako atapata nafasi ya kuitenganisha kwa utulivu, mchana, mahali mlipopachagua wenyewe. Utaratibu una umuhimu wake: kabari kwanza, breki ya mkono ya trela pili, kigurudumu cha mbele kikishushwa kubeba uzito, ndipo plagi, minyororo na waya wa breki ya dharura vitolewe na kikombe kifunguliwe. Kabari zinatangulia kwa sababu katika trela nyingi zenye breki za kujifunga zenyewe wakati gari linapopunguza mwendo, breki ya mkono haishiki sawasawa hadi magurudumu yazunguke kidogo kurudi nyuma, na pahali penye mteremko huo mwendo mdogo unatosha kumbana mtu mguu. Trela ikishasimama, miguu ya nyuma ishushwe kabla mtu yeyote hajaingia.

Kuhusu kikombe kilichogoma, si ajabu, ila nyundo iwekeni mbali. Kwa kawaida gari linakuwa bado linaivuta au kuisukuma trela kidogo, na chuma kinabanwa upande mmoja. Weka kabari, funga breki za trela, kisha mwambie dereva arudishe gari nyuma au alipeleke mbele kwa upana wa vidole viwili tu, huku kigurudumu cha mbele kikibeba uzito; kikombe kitaachia chenyewe. Kikiendelea kugoma, pimeni tufe. Trela za Afrika Kusini kwa kawaida hutumia tufe la milimita 50, lakini magari yanayofika Lubumbashi yametoka nchi nyingi, na yale yaliyowekewa vifaa vya Kimarekani yanaweza kuwa na tufe la inchi mbili, yaani milimita 50.8. Tofauti ni ndogo kuliko milimita moja, lakini inatosha kukibana kikombe kiasi kwamba kifungio hakikai vizuri, na kikombe kisichokaa vizuri kinaweza kuruka kwenye shimo la kwanza. Fundi abadilishe tufe kabla ya safari. Kisha kila mnapofunga, shusheni kigurudumu cha mbele mkiangalia: nyuma ya gari ikiinuka pamoja na trela, kikombe kimeshika kweli.

Hata trela ambayo haikufunguliwa ikaguliwe alfajiri kwa kuzungukwa na mtu mmoja, yule yule kila siku, maana usiku mtoto au mpita njia anaweza kuchezea pini. Tungependa awe wewe, Mama, kwa kuwa hao ndugu wawili huenda wakaendelea kubishana.

SWALI: Nina trela ya mizigo, na huwa nalala Likasi kabla ya kuendelea Kolwezi. Je, springi za gari haziharibiki kwa kubeba uzito wa trela usiku kucha? (Msomaji, Ruashi)

JIBU: Haziharibiki. Springi zilizoubeba uzito huo kwenye mashimo ya barabara zinapata kazi ndogo zaidi gari likiwa limesimama. Mkia wa gari ukionekana umelala sana, kosa ni la upakiaji: mizigo mizito imerundikwa mbele ya ekseli ya trela. Irudisheni katikati, lakini msiipeleke nyuma yote, kwa sababu trela iliyo nyepesi mbele huanza kuyumba mwendo unapoongezeka.