Vihisio vya joto katika mabomba ya hospitali

SWALI: Mimi ni fundi wa mabomba katika hospitali moja mjini Jinja. Kila wiki huzunguka wodini na kipimajoto cha mkono. Sasa uongozi unataka kufunga vihisio vinavyotuma vipimo kwa mtandao wa simu. Je, vitamaliza kazi yangu, na tulenge nyuzi ngapi?

JIBU: Ndugu msomaji, vipimo hivyo huwalenga hasa bakteria wa Legionela, waliotambuliwa mwaka 1977 baada ya mlipuko wa nimonia uliotokea Philadelphia mwaka uliotangulia, nao hustawi katika maji yenye nyuzi 20 hadi 45 za Selsiasi, hususan yaliyotuama. Ndiyo maana maji ya moto huhifadhiwa kwa nyuzi 60, na hospitali za Uingereza hutaka yafike bombani yakiwa na angalau 55 ndani ya dakika moja, ilhali ya baridi yabaki chini ya 20. Sharti hili la mwisho ni gumu kwetu, kwani tangi linaloshinda juani juu ya paa hupita kiwango hicho kwa urahisi. Litieni kivuli, na msiache kupima klorini.

Kihisio kilichofungwa nje ya bomba hupima mfululizo, hivyo mabadiliko ya joto hudokeza pia bomba lisilotumika, jambo ambalo ziara ya kila wiki hulibaini kwa nadra. Hata hivyo hakioni bakteria, wala hakifungui bomba lililosahaulika: kumwaga maji yaliyolala na kupeleka sampuli maabara kunabaki mikononi mwako. Chagueni chenye betri, kinachotunza vipimo mtandao unapopotea. Kipimajoto chako usikitupe. Ndicho cha kuhakikia vihisio hivyo.