Mumeo hajakukataza kazi, ameuliza hesabu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 33, watoto wawili, ni muuguzi wa diploma. Huu ni mwaka wa nane niko hospitali binafsi hapa Dar es Salaam. Nikijumlisha na zamu za usiku za ziada, mkononi napata kama 1,080,000 kwa mwezi. Wiki iliyopita jina langu limetoka kwenye ajira za serikali, nimepangiwa hospitali moja mkoa wa Pwani, magari mawili kutoka kwetu Mbezi. Tangu chuoni ndoto yangu ni kuhudumia watoto njiti, na pale wana wodi yao, nilifanyia fildi palepale. Tatizo ni kwamba mkononi haitafika 620,000. Mume wangu ni fundi wa friji na viyoyozi. Nilipomweleza hakufurahi kabisa, alisema tu, "Mama Eliya, tuweke hesabu mezani kwanza." Niliumia sana. Nimegundua anaupenda mshahara wangu kuliko mimi. Kodi, ada na chakula ni juu yake kama mwanaume, mimi namsaidia vitu vidogo vidogo, sasa kinachomuuma ni nini? Hesabu zangu siwezi kumwonyesha, mwanamke lazima awe na chake, na pia nina marejesho madogo ya kikoba na ya sehemu nyingine ambayo hayamhusu. Nimepewa siku 14 za kuripoti, zimebaki tisa. Niende, au nibaki kumridhisha mtu asiyenitakia maendeleo?*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa jina kutoka. Wapo uliosoma nao ambao bado wanajitolea kwa nauli tu, na kila orodha ikitoka wanapekua majina mpaka macho yanawauma. Umepata bahati, ishike kwa mikono miwili.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikairudia jioni baada ya magharibi. Asubuhi nilikuhurumia wewe. Jioni nilimhurumia Baba Eliya.

Hebu rudi usome ulichoandika mwenyewe. Mumeo amesema "tuweke hesabu mezani kwanza". Hapo neno "hapana" liko wapi? Amekukataza wapi? Mtu ameletewa habari kwamba kuanzia mwezi ujao nyumba itapungukiwa 460,000, na wala hajawahi kuambiwa huwa zinaingia ngapi. Ulitaka apige vigelegele? Angeruka kwa furaha bila kuuliza kitu, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kukwambia umeolewa na mtu asiyejali nyumba yake. Fundi wa friji hafungui mashine kabla hajauliza ilianza lini kugoma. Kwake kuuliza ndiyo kazi inavyoanza, na ndivyo alivyofanya kwako.

Sasa nikuulize mimi, maana yeye umemnyima nafasi. Kodi hulipi. Ada hulipi. Unga, mchele na gesi si juu yako. Mkononi unashika 1,080,000, na bado unakesha zamu za ziada. Hela hiyo inaishia wapi? Vitu vidogo vidogo gani vinavyomeza milioni kila mwezi?

Jibu umelitoa mwenyewe, ila umelifunika kama mtu anavyofunika sufuria lililoungua: "marejesho madogo ya kikoba na ya sehemu nyingine". Kikoba nakielewa. Hiyo "sehemu nyingine" nayo naielewa, kwa sababu kila mwanamke anayeniandikia huiita hivyohivyo. Ni mkopo wa kausha damu. Unachukua laki tano bila maswali mengi, rejesho ni kila Jumatatu, ukichelewa deni linavimba, ukichelewa tena wanakuja kubeba televisheni na godoro majirani wakiangalia. Marejesho yangekuwa madogo kweli usingeunganisha zamu ya usiku juu ya zamu ya mchana. Mwanangu, unakesha kulipa deni ambalo mwenzako aliyebaki na watoto hajui kama lipo.

Ndiyo maana neno "hesabu" limekuchoma. Unajua ukishaanza kupokea 620,000, Jumatatu itafika haina kitu. Hilo ndilo linalokutisha, na ni rahisi zaidi kusema mume hakutakii maendeleo kuliko kusema nadaiwa.

Unaniambia mwanamke lazima awe na chake. Sibishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haihamishi mali yako kwenda kwa mumeo, na kifungu cha 63 kinamtaka mume amtunze mkewe. Haki hizo zipo na wanawake walizihitaji, na wengi wanazihitaji mpaka leo. Ila wewe hujadhulumiwa. Huyu bwana analipa kodi, analipa ada, analisha, kwa kazi ya kupanda maghorofani na begi la spana mgongoni. Ukimtolea sheria mtu anayeitimiza, unakuwa unatafuta ngao ya kujificha nyuma yake.

Mama yangu alikuwa anauza vitumbua, na hela yake aliifunga kwenye pindo la kanga. Kilikuwa kifundo kidogo, kigumu kama kokwa la embe, akilala kiko kiunoni, akisali kiko kiunoni. Baba alijua kipo. Hakuwahi kuuliza kina ngapi. Mwaka baba alipougua mguu, miezi minne hatoki, kifundo kile kilifunguliwa na sisi tukala. Ninyi mnasema mmerithi siri za mama zenu, lakini mama zetu walificha akiba. Ninyi mnaficha madeni. Pindo la kanga halikuwahi kuficha deni hata siku moja.

Na hili haliko kwako peke yako, ndiyo maana naliandika hadharani. Ndoa za siku hizi watu wanalala kitanda kimoja, simu mbili zimelazwa kifudifudi. Mke hajui mume anapata ngapi, mume hajui mke anadaiwa na nani, na watoto wanajua namba za siri za wote wawili. Harusi mlichangisha kamati nzima, kila mwanakamati akijua mmetumia shilingi ngapi kwenye keki, lakini miaka tisa ndani ya nyumba hakuna anayejua bajeti ya mwezi. Na wanaume mnaosoma hapa msishangilie. Wangapi wenu mna kiwanja ambacho mama watoto atakijua siku ya msiba? Mficha uchi hazai, na methali hii haikubagua mke wala mume.

Nirudi kwenye kazi, kwa sababu kazi yenyewe naipenda kuliko unavyodhani.

Mjukuu wangu wa pili alizaliwa na gramu 1,300. Siku ya kwanza niliogopa hata kumwangalia. Muuguzi mmoja, binti mdogo tu, alimfungua mwanangu kifua, akamlaza mtoto katikati ya matiti akiwa na nepi na kofia tu, akamzungushia kanga na kuikaza taratibu, kama mtu anayefunga mayai ya safari. Alituambia njia hiyo ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mahali ambapo mashine za joto zilikuwa hazitoshi, wakaona kifua cha mama kinatosha. Kila baada ya saa mbili alikuja na bomba la sindano lisilo na sindano, analiunganisha na kale kamrija ka puani, anamimina maziwa ya mama mililita 8, halafu analiinua juu na kulishika. Hasukumi. Anasubiri yateremke yenyewe, huku macho yake yako kwenye midomo ya mtoto kuona kama inabadilika rangi. Mkono wake haukutetemeka. Niliwahi kumhesabia, dakika kumi na moja amesimama hivyo. Mtoto yule sasa anakimbiza kuku.

Kwa hiyo mtu akiniambia ndoto yake ni wodi ile, simcheki wala simwambii afuate hela. Lakini wodi ile inataka mtu aliyelala. Inataka mtu ambaye simu ikilia Jumatatu asubuhi mkono wake hauruki. Hivyo ulivyo sasa, mwanangu, wale watoto siwezi kukukabidhi kwa roho nyeupe.

Halafu hesabu yako yenyewe umeipiga vibaya. Umelinganisha mshahara wa kule na mshahara wa hapa uliojumlisha na usingizi wako. Mshahara wa msingi wa hapo ulipo hukuuandika, nenda kautazame. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Kama wewe unazipita, hiyo si kazi ya kukaa nayo mpaka uzeeni. Ukitoa zamu za ziada, pengo la laki nne na sitini litapungua sana. Weka na bima ya afya ya mtumishi, inayomgusa mwenza na watoto. Miaka yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, nayo haipotei ukihamia PSSSF, ule wa watumishi wa umma, vipindi vya uchangiaji vinajumlishwa, na pensheni inataka miezi 180. Wewe tayari una karibu nusu.

Upande wa pili nao uuone, maana hukunigusia hata kidogo. Una siku tisa za kuripoti, na kwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28. Ukiondoka bila kuitumikia, mwajiri wako anaweza kukata fedha za siku hizo kwenye stahili zako. Umeongea naye? Mshahara wa kwanza serikalini nao unaweza kuchelewa mpaka taarifa zako ziingie kwenye mfumo. Unaweza kukaa miezi miwili huna senti, na Jumatatu katika miezi hiyo ni nane au tisa. Nani atazibeba? Baba Eliya huyohuyo ambaye hayamhusu?

Na wodi. Nani amekuhakikishia wodi ya njiti? Barua ya ajira inakuita muuguzi, haiandiki wodi. Unapangwa kazini na metroni, mkuu wa wauguzi, na anaweza kukuanzishia wagonjwa wa nje mwaka mzima. Kufanya fildi pale miaka kumi iliyopita si ahadi. Ukiripoti, omba, eleza unachokijua, halafu fanya kazi uliyopewa vizuri mpaka wakuone. Ndoto ya wodi isije ikakuliza mwezi wa kwanza ukaanza kumlaumu mume tena.

Hukumu yangu: nenda. Kazi hiyo ichukue, na nafasi ya serikali usiiachie kwa sababu ya aibu ya deni. Ila hauendi kwa siri na hauendi kwa hasira. Kesho asubuhi mwone mwajiri wako umalize habari ya notisi, kwa maandishi. Leo hii andika kwenye karatasi kila unayedaiwa, kiasi kilichobaki, na siku ya rejesho. Usipunguze hata elfu kumi. Chukua na salari slipu za miezi mitatu.

Halafu mwombe radhi mumeo. Si radhi ya kutaka kazi, hiyo haina kosa. Radhi ya kumfanya adui wakati hujawahi kumpa nafasi ya kuwa mwenzako. Mwambie, "Baba Eliya, uliniambia tuweke hesabu mezani. Hizi hapa." Usianze na machozi, machozi yatamfanya akubembeleze na karatasi itabaki haijasomwa.

Atakasirika. Ana haki ya kukasirika, tena anaweza kutoka akazunguka mtaa mzima. Mwache. Akirudi atashika kalamu, kwa sababu mwanaume anayeanza na hesabu huwa anamaliza na hesabu. Nina hakika atajua kipi kiuzwe na kikoba kipi kiombwe muda kabla wewe hujamaliza kujieleza. Kausha damu ndiyo ianze kufungwa.

Jambo la mwisho, na hili nakwambia kwa ukali. Ukishapata cheki namba, ile namba ya mtumishi wa serikali, maofisa mikopo wa benki watakuja mpaka mlango wa wodi. Makato hayatakiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wako, lakini theluthi moja inayobaki hailishi mtu. Usisaini karatasi yoyote mwaka huu bila Baba Eliya kuisoma.

Zilikuwa siku tisa ulipoandika, sasa ni pungufu. Jumapili hii usichukue zamu, muda wa mazungumzo hayo ndio huo.